Haijasomwa

Wenzangu mnaoandika, mnisamehe. Leo sina hadithi ya mapenzi wala ya kijiweni. Nataka kuwasimulia habari ya kompyuta iliyokuwa ikienda mwendo wa kinyonga, na jinsi nilivyoilaumu miezi minne mizima kabla ya kugundua kwamba mkosaji nilikuwa mimi mwenyewe. Msomaji asiyependa mambo ya kompyuta asifunge ukurasa. Safari hii inaanzia kwenye waya na diski, lakini mwisho wake ni kwetu sisi tunaotuma kazi zetu na kukaa tukisubiri jibu.

Jarida letu lina chumba kimoja cha uani, Magomeni. Mna meza mbili, viti vitano ambavyo kimoja hakikaliwi, na kompyuta ya mezani tuliyoinunua Kariakoo mwaka 2016 ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Mimi si fundi. Nilijifunza Linux kwa kuhangaika tu, maana hela ya kununua programu hatukuwa nayo, na programu huria unazipata bure, tena unaruhusiwa kuzifungua uone zilivyoundwa. Tangu hapo nikawa "mtu wa kompyuta". Cheo hicho hakina mshahara, kina lawama tu.

Aliyenipa cheo hicho ni Dada. Wote tulimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Ndiye aliyekuwa mhariri wetu tangu mwanzo. Alikuwa na tabia moja iliyotuchosha: hakutaka kazi ya mtu ikae bila kujibiwa. "Mdogo wangu," alikuwa akiniambia, "mtu ameandika usiku kucha, amekwenda intaneti kafe kwa hela yake, ametuma. Ukimkataa, mkatae. Lakini mjibu." Tulikuwa tunacheka. Kazi zilikuwa nyingi, sisi wachache, na wengine tuna vibarua vya mchana.

Sasa nieleze kidogo barua zenyewe zinavyokaa, maana bila hapo hamtanielewa.

Barua pepe zote za jarida tangu mwaka 2012 tunaziteremsha kwenye diski yetu kwa mpangilio uitwao Maildir. Mpangilio huo ulibuniwa na D. J. Bernstein katika miaka ya 1990, na wazo lake ni jepesi: kila barua ni faili lake peke yake, kama vile kila barua na bahasha yake. Hali ya barua huandikwa mwishoni mwa jina la faili. Ukiona herufi S, barua imesomwa. Ukiona R, imejibiwa. Kwa hiyo barua ikitoka kwenye hali ya kutosomwa ikawa imesomwa, faili linabadilishwa jina. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Kutafuta kitu ndani ya mafaili laki moja na zaidi si mchezo. Ndiyo maana tunatumia Notmuch, programu huria iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "si mengi", na kweli haifanyi mengi: haipokei barua, haitumi barua. Inasoma zile ulizonazo, inazitengenezea faharasa kwa msaada wa maktaba nyingine huria iitwayo Xapian, halafu inakuwezesha kuzibandika alama. Faharasa ni ileile mnayoiona mwishoni mwa vitabu vya shule: neno hili, ukurasa ule. Ukiuliza "mvua", Notmuch haianzi kufungua bahasha moja moja. Inakwenda kwenye faharasa, inaona mvua imo kwenye barua zipi, inakuletea. Kwenye kompyuta yetu kuukuu, jibu lilikuwa linatoka kwa sekunde moja au mbili.

Kutafuta, basi, hakukuwa na tatizo. Taabu ilikuwa kuingiza barua mpya.

Dada alifariki Machi 2022. Aliugua kwa muda mfupi, na sitasema zaidi ya hapo. Tulimzika, tukarudi kwenye kile chumba, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyekikalia kiti chake. Mwezi wa Juni diski ya ndani ya kompyuta ilijaa, nikazihamishia barua zote kwenye diski ya nje ya kuchomeka, ya zamani, ile ya kuzunguka. Kazi ya kuingiza barua ilikuwa inajiendesha yenyewe saa nane za usiku, kwa hiyo hakuna aliyejua inachukua muda gani.

Tulikuja kujua mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa 2023 tuliwapata vijana wanne wa kusaidia kusoma kazi, wakawa wanakuja mchana kwa zamu. Ikabidi barua ziingizwe mchana. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kijana anawasha, anaagiza barua mpya, anakwenda kununua mihogo, anakula, anarudi, bado. Dakika ishirini na sita kwa barua tisa! Na humo katikati huwezi kubandika alama yoyote, kwa sababu Xapian inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Wengine wote lazima wangoje. Vijana wakasema, "Kaka, hata kompyuta nayo ina mhariri mmoja." Umeme ukikatika katikati, na hatuna betri ya akiba, mafaili yanakuwa yamebadilika lakini faharasa haijaandika, basi safari inaanza upya.

Nilianza kulaumu. Nililaumu diski kwanza, kwa sababu niliihamisha mimi na nilijua ni bovu. Nikaenda kwa fundi, akataka shilingi 90,000 kwa diski mpya isiyozunguka. Hatukuwa nazo. Nikalaumu kumbukumbu ya kompyuta, gigabaiti nne tu. Halafu nikailaumu Notmuch yenyewe, nikawaambia vijana kwa sauti ya kitaalamu kwamba programu za bure ndivyo zilivyo, zinafaa kwa barua mia mbili. Nikasoma mahali kwamba faharasa ikikaa sana inakuwa na nafasi tupu ndani yake, na kuna amri ya kuishindilia. Nikaishindilia. Ikapungua kutoka gigabaiti 2.1 hadi 1.6, nikafurahi kama mtu aliyepungua kitambi. Nikaingiza barua. Dakika ishirini na tano.

Hapo kikao kikakaa. Wazo halikuwa langu, lakini nililiunga mkono, na leo nalikiri mbele yenu: tufute barua zote za kabla ya 2018. Nani anazisoma? Kazi za miaka hiyo tuliyoitaka tulishaichapa. Na kwa kuwa kompyuta yetu inalingana na kule barua zinakohifadhiwa, kufuta hapa ni kufuta na kule. Zisingerudi. Tukapanga Jumamosi.

Kilichotuzuia kilikuwa kitu kingine. Tulikuwa tumekubaliana kukusanya hadithi za Dada tuzitoe kitabu kidogo. Nyumbani kwake hakukupatikana kitu, kompyuta yake ndogo ilikuwa imeuzwa wakati wa matibabu. Zilizobaki zilikuwa mle kwenye barua za jarida, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kujitumia rasimu kama watu wengine wanavyotuma kazi. Tatizo ni kwamba aliziambatanisha katika mafaili ya Word, na Notmuch inaingiza kwenye faharasa maneno ya barua na jina la kiambatisho, lakini haisomi ndani ya faili la Word. Kwa hiyo huwezi kutafuta kwa sentensi unayoikumbuka. Unatafuta kwa jina la mtumaji na jina la faili, halafu unafungua moja moja kwa mkono. Nikasema Ijumaa nitakesha, nizitoe za Dada, kesho yake tufute.

Ijumaa usiku nikaagiza barua mpya kwanza, kwa mazoea, nikawa nimejifunga mwenyewe. Dakika ishirini na sita za kukaa mbele ya mashine isiyosikia. Kwa hasira nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza. Nikapima.

Notmuch ikishaingiza barua mpya, inatazama kama umeiwekea faili la maagizo ya kufuata baadaye. Faili hilo linaitwa post-new. Unaweza kuiamuru iingize barua na iyaache hayo maagizo: unaandika notmuch new, unaongeza --no-hooks. Nikaandika hivyo, nikaweka saa. Sekunde 52.

Nikarudia. Sekunde 49.

Ndugu zangu, nilikaa kimya. Diski ni ileile. Kumbukumbu ni ileile, na Notmuch ni ileile niliyoitukana. Dakika ishirini na tano zote zilikuwa kwenye lile faili la maagizo, na faili hilo hakuliandika Carl Worth wala mtu wa Xapian. Nililiandika mimi.

Nikalifungua. Lilikuwa na mistari kumi na mmoja. Mingi ilikuwa ya kawaida: barua kutoka kwa mpiga chapa ipewe alama ya chapa, barua zilizoletwa kwenye anwani ya kazi zipewe alama ya kazi. Mstari wa pili niliutambua mara moja. Niliuandika mwaka 2018, Dada akiwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai. Ulisema: barua yoyote yenye alama ya kazi ambayo haijajibiwa, ibandikwe alama ya kutosomwa. Hata kama mtu ameshaifungua akaisoma. "Kusoma si kitu," alisema siku ile. "Iendelee kutukodolea macho mpaka mtu aijibu."

Mstari wa mwisho ulisema: barua yoyote iliyozidi mwaka mmoja, iondolewe alama ya kutosomwa.

Huo nao niliuandika mimi. Mwanzoni sikuukumbuka. Nikatazama tarehe ya faili: Juni 2022, wiki ileile niliyohamisha diski. Ndipo ukanirudia ule usiku. Nilikuwa peke yangu chumbani, miezi mitatu baada ya maziko. Kila nikiwasha naona juu ya kioo namba ya barua zisizosomwa, elfu ishirini na ushee, naiona kama daftari la mangi. Sikuweza kuivumilia. Nikaandika mstari mmoja, namba ikashuka ikawa thelathini na kitu, nikazima nikaenda kulala.

Sasa tazameni kilichokuwa kinatokea. Mistari inafuatwa kwa zamu, kutoka juu kwenda chini. Kila barua mpya zikiingizwa, mstari wa Dada unazikusanya kazi zote ambazo hazijajibiwa na kuzibandika "haijasomwa". Kisha unafika mstari wangu, unazikusanya zilezile, za mwaka jana na za mwaka 2012, na kuzibandua. Notmuch si mjinga. Ukiiambia ibandike alama kwenye barua ambayo tayari inayo, inairuka. Laiti mstari mmoja ungekuwa peke yake, kazi ingefanyika mara moja tu na baadaye isingegusa kitu. Lakini miwili hii ilikuwa inatengenezeana kazi. Mmoja unavisha, mwingine unavua, na kesho asubuhi yule wa kwanza anakuta watu wote uchi anaanza upya.

Niliihesabu. Notmuch ina amri ya kuhesabu tu bila kubadilisha chochote. Barua zilizokuwa zinaguswa zilikuwa 23,412. Na kumbukeni lile la herufi S: kila alama hiyo ikibadilika, jina la faili nalo linabadilika kwenye diski. Mara mbili kwa kila barua. Mafaili karibu elfu arobaini na saba yakibadilishwa majina, kwenye diski ya kuzunguka, ili barua tisa ziingie. Kuna programu ndogo iitwayo strace inayokuonyesha kila kitu programu nyingine inachokiomba kwenye mfumo. Nikaiwasha, nikatazama. Kioo kilijaa majina yakipanda: S imetoka, S imetoka, S imetoka. Baada ya dakika kumi na mbili yakaanza tena: S imerudi, S imerudi. Mwishowe kila faili likawa na jina lilelile lililoanza nalo.

Nilijua nikitazama kitu gani. Dada alikuwa anasema hawa hawajajibiwa. Mimi nilikuwa nasema yameisha. Tumebishana hivyo kila usiku, saa nane, kwa mwaka mzima, yeye akiwa kaburini na mimi nikiwa kitandani. Na kwa kuwa mstari wangu ulikuwa chini, mimi ndiye niliyekuwa na neno la mwisho kila siku.

Dawa yake ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Futa mstari mmoja, wowote ule. Kwa upande wa kasi ni sawasawa. Ukifuta wa Dada, unapata kompyuta nyepesi na kioo kisafi. Ukifuta wangu, unapata kompyuta nyepesi na deni la elfu ishirini na tatu.

Nitasema kweli, nilianza kuufuta wa kwake. Nilikuwa nimeshaupeleka mshale pale. Sababu ninazo: jarida ni la watu sita, watu wale wameshasahau, wengine hata anwani zao zimekufa. Kisha nikaona nitafute jambo moja kabla. Mimi mwenyewe nilituma hadithi kwenye jarida hili mwaka 2013, kabla sijawa mtu wa kompyuta wala mtu wa chochote. Nikaitafuta, ikatoka. Na chini yake jibu la Dada, mistari sita, saa tano na nusu usiku. Hadithi aliikataa. Alinionyesha aya mbili zilizokuwa zinapumua, akanitajia moja iliyokufa, akaniambia nije nimwone. Nisingejibiwa siku ile, leo msingekuwa mnanisoma hapa.

Nikafuta mstari wangu. Nikaagiza barua. Namba juu ya kioo ikapanda mpaka 23,412, ikatulia. Nikaagiza tena: sekunde 51.

Jumamosi vijana walikuja tayari kwa kufuta. Nikawaonyesha. Mmoja akacheka sana, akaniuliza, "Kwa hiyo Kaka, ulikuwa unagombana na marehemu?" Nikamwambia ndiyo, na ameshinda. Hatukufuta kitu. Tulianza kuchambua. Nyingi ya zile elfu ishirini na tatu zilikuwa takataka: matangazo, bahati nasibu, watu wanaotaka kutugawia urithi. Tukaziondolea alama ya kazi kwa mafungu, siku nne. Zilipobaki kazi za kweli, hadithi na mashairi na tamthilia ya mtu mmoja yenye kurasa tisini, zilikuwa 1,864. Hizo ndizo tulizozipokea kwa miaka kumi na moja bila kusema hata asante.

Za Dada nazo tulizipata, hadithi kumi na nne. Tisa kati yake zilikuwa za kabla ya 2018. Hesabu hiyo kila mtu aifanye mwenyewe.

Mwandishi mwenzangu, kama nawe unazo barua zako ndani ya Notmuch au programu ya jamii yake, na umeanza kuona inazingua, usikimbilie dukani wala usikimbilie kufuta. Jiulize kwanza ni kipi hasa kinachochelewa, kutafuta au kuingiza. Ingiza barua ukiwa umeyaacha maagizo yako pembeni, weka saa, linganisha. Ukiona tofauti, yasome maagizo yako mstari kwa mstari, na kila mmoja uhesabie unagusa barua ngapi. Hesabu leo, hesabu na kesho. Namba ileile kubwa ikijirudia kila siku, ujue kuna mstari unaofanya na mwingine unaofumua. Na kabla ya jaribio lolote, weka nakala mahali pengine. Faharasa ikiharibika utaitengeneza upya kutoka kwenye barua. Barua zikipotea, hakuna faharasa itakayozirudisha.

Sisi tunajibu sasa. Kila mtu wa zamu anajibu nne kabla hajaondoka. Nyingine zinarudi, anwani haipo. Wengine hawasemi kitu. Mwezi uliopita tulimjibu mtu aliyetutumia hadithi mwaka 2014, tukamwomba radhi, tukamweleza kilichotupendeza. Alijibu baada ya saa moja. Siku hizi anauza vipuri vya magari Ilala, haandiki tena, na ile hadithi alishaipoteza zamani, kompyuta iliibiwa. Akauliza kama tunaweza kumtumia. Alitaka kumsomea binti yake.

Tulimtumia. Namba ikapungua moja.

Leo asubuhi nilipowasha ilikuwa 1,611. Kama uliwahi kututumia kazi na hukupata jibu, imo humo, na alama yake imo. Tunakuja.